Tairi Lina Umri, Usidanganywe na Meno Yake

WAZEE wetu walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli kwa mambo mengi ya sokoni, walakini kwa matairi ya magari ya kale yataka kuangaliwa mara ya pili. Kuna tairi jeusi linalong'aa, meno yake yamesimama kamili kana kwamba limetoka kiwandani jana, nalo ndani limekwisha kufa zamani. Mwenye kulitazama hulipenda, na mwenye kulitegemea huenda likampeleka asikokusudia.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: utamaduni una nini na matairi? Jawabu ni kwamba gari la kale katika nyumba zetu za Pwani si chombo cha safari tu. Ni kama kitanda cha samadari au kasha la msaji lililotoka kwa babu: hurithiwa, husifiwa, na hutolewa nje siku ya furaha. Na kitu cha kurithi kina adabu zake. Kasha likioza mguu hafi mtu. Gari likioza mguu, hapo ndipo penye msiba.

Leo basi nataka tuzungumze juu ya namna ya kulichagulia matairi gari la kale la mbio. Nitachukua mfano wa gari moja nilijualo vizuri, Datsun 240Z la mwaka 1972, ambalo limo katika ukoo wetu hapa Mombasa.

JINA LILILOVUMA

Wale wenye umri wa kukumbuka siku za Pasaka ambapo watu walijipanga kandokando ya barabara kungojea magari ya Safari Rally, hawahitaji kuelezwa Datsun ni nini. Gari hili lilizinduliwa Japan mwaka 1969, na huko kwao likaitwa Fairlady Z. Lile lililouzwa nje kwa jina la 240Z lilikuwa na injini ya lita 2.4, silinda 6 zimepangwa mstari mmoja, uzito kama wa tani moja tu, na viti viwili peke yake.

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa gari hili, na nyuma yao likaingia 240Z jingine lililoendeshwa na Shekhar Mehta akiwa na Mike Doughty. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe, safari hii akiwa na Lofty Drews. Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuja kulitwaa kombe hilo mara 5 kwa jumla, maana baada ya 1973 alishinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Gari lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa na Nissan huko Japan. Na tangu mwaka 2003, yalipoanzishwa mashindano ya Safari ya magari ya kale, ndugu zake gari hilo wameonekana tena wakitimua vumbi katika nchi hii.

Basi marehemu ami yangu, aliyekuwa karani wa bandarini, alipolinunua la kwake mwaka 1979 kwa mtu aliyekuwa akihama, hakununua gari tu. Alinunua kipande cha sifa. Alilipaka rangi ya chungwa, akalifunika turubali, akalijengea kibanda chake. Mwisho wa siku zake lilikuwa halitoki ila Iddi mbili na harusi za jamaa. Alifariki mwaka 2021, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaacha mjane, mwana mume mmoja na mabinti wawili.

HARUSI YA MALINDI

Mwaka 2024 binamu yangu, yule mwana mume wa marehemu, alichumbia Malindi. Harusi ikawekwa mwisho wa Mfungo Mosi, na jamaa wakaona hapana chombo cha kumchukua bwana harusi ila gari la babake. Kwa kuwa lina viti viwili, mimi niliombwa nimwendeshe wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi yeye mwenyewe ashike usukani, na bibi harusi akae kando yake. Toka Mombasa hadi Malindi ni kilomita kama 120, na Mfungo Mosi wa mwaka huo uliangukia masika, mvua zikinyesha nchi nzima kwa wingi usio wa kawaida.

Fundi wetu wa Majengo alilitazama gari akasema injini ni nzima, breki ni nzima. Alipofika kwenye matairi akakaa kimya. Kisha akaniambia, "Bwana, haya si matairi. Hizi ni picha za matairi."

Ami yetu mkubwa, kakake marehemu, ndiye aliyekuwapo siku hiyo, na maneno hayo hayakumpendeza hata kidogo. "Mwanangu," akaniambia mimi, maana hakutaka kumjibu fundi, "matairi haya yana nini? Tazama meno yake. Hayajaenda hata safari kumi. Ndugu yangu aliyanunua mapya na akayavisha kwa mikono yake. Leo mwataka kuyatupa?"

Hapo nilifahamu kwamba jambo lililo mbele yetu si la mpira peke yake. Mzee alikuwa akiuona mkono wa nduguye katika matairi yale. Kumwambia yatolewe ilikuwa kama kumwambia nguo za marehemu zitupwe jaani.

TAIRI HUZEEKA HATA LIKILALA

Watu wengi hudhani tairi huisha kwa kwenda. Ni kweli meno huisha kwa kwenda, walakini mpira wenyewe huzeeka kwa miaka, uende au ulale. Joto, jua na hewa huunyausha. Ndani ya hewa mna kitu kiitwacho ozoni ambacho huukata mpira kidogo kidogo, na ndiyo maana viwanda huuchanganya mpira na nta na dawa za kuukinga. Sasa sikiliza ajabu yake: nta ile hutoka nje na kuupaka mpira ngozi mpya pale tairi linapozunguka na kujikunja. Tairi lisilozunguka halijipaki nta. Kwa hivyo gari linalolala miezi kibandani, katika joto na unyevu wa Mombasa, huenda matairi yake yakapasuka nyufa mapema kuliko ya gari linalotumika kila siku.

Kuna na madhara yasiyoonekana. Chini ya meno ya matairi mengi ya kisasa mna mikanda ya nyuzi za chuma. Nyufa zikiingiza unyevu, chuma hushika kutu, na yale matabaka yaliyogandamana huanza kuachana. Siku gari likienda kwa kasi na tairi likapata moto, tabaka la juu hubanduka lote kwa mara moja. Meno yako yote ungali nayo, lakini yamelala barabarani nyuma yako.

Tena mpira mzee huwa mgumu. Ukiubonyeza kwa ukucha haubonyei. Mpira mgumu haushiki lami ya majimaji, na gari jepesi lenye nguvu kama 240Z huteleza kama mtu aliyevaa viatu vya mti juu ya sakafu ya bafu.

Si maneno ya kutishana haya. Tarehe 30 Novemba 2013, huko Santa Clarita katika jimbo la California nchini Marekani, mchezaji filamu Paul Walker, ambaye vijana wetu wengi wanamjua kwa filamu zake za magari, alikufa pamoja na rafikiye Roger Rodas aliyekuwa akiendesha. Gari lao lilikuwa Porsche Carrera GT la mwaka 2005, lililotunzwa vizuri na lisilotembezwa sana. Wachunguzi walitoa taarifa mwaka 2014 kwamba sababu ya ajali ilikuwa mwendo, kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa mahali pasiporuhusu zaidi ya 72. Lakini waliongeza kwamba matairi yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka 9, na huenda hilo liliharibu jinsi gari lilivyotulia barabarani. Gari la thamani kubwa namna ile, na viatu vyake vilikuwa vizee.

KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Basi umri wa tairi hujulikanaje? Tairi halifichi umri wake, ila laandika kwa hati ndogo. Ubavuni pana herufi DOT, na mwisho wa mfuatano wake pana tarakimu. Matairi yaliyofinyangwa tangu mwaka 2000 yana tarakimu 4: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 1523, tairi hilo lilifinyangwa wiki ya 15 ya mwaka 2023. Ukiona tarakimu 3 tu, usihangaike kuhesabu zaidi, maana tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000.

Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu, na fundi akivisha tairi kinyume huelekea ndani. Nilichukua kurunzi nikaingia chini ya gari. Nikazipata: 378. Wiki ya 37 ya mwaka uishao na 8, na kando yake palikuwa na pembetatu ndogo ambayo baadhi ya viwanda waliitia kuonyesha miaka ya tisini. Wiki ya 37 ya mwaka 1998. Bwana harusi mwenyewe alikuwa hajazaliwa.

Nikamwita ami yetu nikamwonyesha. Sikumwambia kwamba matairi ni mabaya. Nilimwambia, "Ami, kwa heshima zako, soma mwenyewe." Akavaa miwani, akasoma, akanyamaza. Viwanda vingi vyashauri kwamba tairi likitumika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likipita miaka 10 tangu kufinyangwa litolewe, hata kama meno yake ni kamili, na spea nayo ni vivyo hivyo. Haya yalikuwa yanakaribia 26. Tukaitazama spea chini ya sakafu ya nyuma: ilikuwa kongwe kuliko yote manne.

Bado mzee alikuwa mzito. Ndipo aliposema mjane wa marehemu, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni: "Mume wangu hakuwa mtu wa kupenda mpira kuliko mwana. Yatoeni." Na maneno yake yalikuwa na uzito wa haki pia, kwani gari lile lilikuwa mirathi ambayo haijagawanywa: mna thumni yake yeye, na mna sehemu za mwanawe na za binti zake. Mwenye kuendesha mali ya watu wanne hana ruhusa ya kubahatisha.

HERUFI NA NAMBA

Kuamua kutoa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuamua kutia nini, na hapa wengi hupotea. Kitabu cha gari kilisema tairi lake ni 175HR14. Tulifasiri hivi: 175 ni upana wa tairi kwa milimita, H ni herufi ya mwendo, yaani tairi laweza kuhimili kilomita 210 kwa saa, R ni radiali, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Watengenezaji hawakuichagua H kwa urembo. Gari lenyewe laweza kufika kama kilomita 200 kwa saa, na tairi hutakiwa limzidi gari, si gari limzidi tairi.

Neno radiali nalo lataka maelezo. Matairi ya kizamani yalifumwa nyuzi zikikingamana, kama ukili wa mkeka. Mwaka 1946 Michelin wa Ufaransa walisajili tairi ambalo nyuzi zake zatoka ukingo mmoja hadi wa pili moja kwa moja, kama mataruma ya jahazi, kisha juu yake hupita mkanda wa chuma. Waliliuza tangu 1949, na leo takriban magari yote madogo huvaa radiali. Mwenye gari la kale zaidi, la matairi ya mkingamo, ajihadhari asichanganye aina mbili katika ekseli moja, wala asitie radiali mbele na mkingamo nyuma. Gari kama hilo huwa na akili mbili kwenye kona.

Na wale wenye magari ya Kiingereza kama MG, yenye rimu za spoku, wakumbuke kutia tyubu, maana upepo hupenya pale spoku zinapoingia. Datsun letu lina rimu za chuma kizima, kwa hiyo hatukuhitaji.

NJIA TANO MBELE YETU

Tulipozunguka madukani tulijikuta na njia tano.

Ya kwanza ilikuwa kuagiza ukubwa uleule wa asili. Wapo watengenezaji, Michelin na Pirelli miongoni mwao, ambao wangali wakifinyanga matairi kwa sura za zamani na mpira mpya. Kwa mwenye kupeleka gari lake kwenye maonyesho, hii ndiyo njia bora, kwani gari husimama kama lilivyozaliwa. Lakini bei, pamoja na nauli na ushuru, ilikaribia mara tatu ya bei ya dukani, na hatukuahidiwa kwamba yangefika kabla ya harusi.

Ya pili ilikuwa matairi ya mtumba. Muuzaji mmoja alituonyesha manne ya inchi 14, yamepakwa dawa nyeusi yakang'aa kama macho ya paka. Nikauliza tarakimu. Mawili yalikuwa na miaka 11, moja miaka 9, na la nne tarakimu zake zilikuwa zimekwanguliwa. Mtu akikuficha umri wa tairi, hana haja ya kukwambia zaidi.

Ya tatu ilikuwa tairi la gari la mizigo, 185R14C, ambalo hapa Mombasa halikosekani. Herufi C mwishoni yaonyesha kazi yake. Meno yake ni manene, ubavu wake ni mgumu, na moja laweza kubeba kilo 850 au zaidi. Wapo waliotushauri tulichukue kwa kuwa "halipasuki." Walakini nguvu si sifa kila mahali. Datsun zima ni kama tani moja. Ukilivisha tairi lililoumbwa kwa shehena, haliwezi kulikunja; gari hurukaruka kwenye kila tundu, na lami hulishika kwa ncha tu. Tena herufi yake ya mwendo aghalabu ni ya chini. Ni kama kumvika bwana harusi mabuti ya mwashi.

Ya nne ilikuwa 195/70R14, na hili ndilo vijana wote walilolitaka. Ni pana, lajaza madigadi, na kimo chake ni karibu sawa na cha asili, kama sentimita 63. Wengi wenye 240Z ulimwenguni hulitumia. Lakini fundi akatoa futi yake, akapima rimu, akatikisa kichwa. Rimu za chuma ambazo gari lilikuja nazo zina upana wa inchi 4 na nusu tu, na tairi hilo lataka rimu ya inchi 5 kwenda juu. Ukilibana kwenye rimu nyembamba tumbo lake hufura, uso wake huwa mviringo, na kwenye kona gari huyumba juu ya mbavu zake. Wale wanaolitumia wamebadilisha na rimu pia. Sisi hatukutaka kuzitoa rimu za marehemu, na tulimwahidi ami kwamba chuma kitabaki.

Ya tano ilikuwa 185/70R14. Hili hukaa katika rimu ya inchi 4 na nusu bila ya taabu. Tulipata lenye alama 88H: 88 ni uzito, yaani kilo 560 kwa kila tairi, ambazo kwa manne ni kilo 2,240, mara mbili ya gari na zaidi, na H ni ileile ya kitabu. Tarakimu zake zilionyesha halijatimiza mwaka. Kasoro yake ni moja: ni fupi. Kimo chake ni kama sentimita 61 na nusu, hali la asili lilikaribia 64. Kwa hivyo gari lakaa chini kidogo, madigadi yaonekana matupu kidogo, na mita ya mwendo yasema 100 wakati gari laenda kama 96. Fundi akacheka akasema, "Afadhali mita inayokuzidishia kuliko inayokupunguzia."

Tukachukua hilo la tano, si manne bali matano, na spea pamoja. Vijana walinung'unika kwamba gari limefupika. Tuliwaambia kwamba sheria yenyewe hairuhusu gari dogo kupita kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu, na kwamba bibi harusi hatahesabu sentimita.

BARABARANI

Tairi jipya nalo lina adabu zake. Linapotoka katika kalibu huwa na utelezi juu ya ngozi, kwa hiyo kilomita 150 hivi za mwanzo ziendwe pole pole, bila ya kufunga breki kwa nguvu wala kukata kona kwa pupa. Tulilitembeza gari siku nne kabla ya harusi, mara Mtwapa, mara Kikambala, upepo wake 28 mbele na nyuma kama kitabu kilivyosema, ukipimwa asubuhi kabla tairi halijapata moto.

Siku yenyewe mvua ilitukuta tulipokwisha kulivuka daraja la Kilifi. Ilikuwa mvua ya masika hasa, ya kufunga macho. Karibu na Gede tuktuk moja ikachomoza kutoka kando bila ya kutazama, nami nikakanyaga breki. Gari likainamisha pua likasimama, limenyooka, kama hatua tatu nyuma ya tuktuk. Bwana harusi aliyekuwa na joho lake na kilemba chake akasema "Alhamdulillahi," kisha hatukusema neno mpaka tukafika mji wa Malindi. Nilikuwa nikiwaza juu ya ile 378, nadhani naye pia.

Nikah ikasomwa baada ya alasiri. Jioni, mvua ikiwa imepungua, bwana na bibi wakarudi Mombasa katika viti vile viwili, na sisi tukiwafuata nyuma kwa basi la jamaa, ngoma na vigelegele juu.

MATAIRI YA MAREHEMU

Mtauliza, na yale ya zamani yalikwenda wapi? Ami yetu mkubwa hakukubali yatupwe, wala hakukubali yauzwe. Hapo nilimwona mzee akiwa na hekima kuliko sisi. Alichukua kisu kikali akayatoboa mbavu, moja baada ya jingine, hata spea. Akasema, "Nikiyauza, kesho yatakuwa chini ya gari la mtoto wa mtu." Dini yetu yakataza mtu kujidhuru na yakataza kumdhuru mwenziwe, naye alitekeleza yote mawili kwa kisu kimoja. Kisha akayapeleka Bandari ya Kale kwa nahodha anayemjua, na leo yananing'inia ubavuni mwa jahazi, yakilikinga lisijikwaruze na gati. Mzee hupita pale jioni akayatazama. Nduguye alikuwa mtu wa bandari, na sasa matairi yake yamepata kazi bandarini.

Wapo watu watakaosema kwamba umri u mkononi mwa Mungu, na tairi haliongezi siku. Ni kweli tupu. Lakini tumefunzwa kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, kisha akamtegemea Mola. Matairi manne ndiyo kamba ya ngamia huyu wa chuma. Kila yanapoligusa lami, pale panapogusa ni padogo, kama kiganja cha mkono, na juu ya viganja hivyo vinne wamekaa watu.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kama kibandani mwako mna gari la mzee, liwe Datsun, liwe MG, liwe Volkswagen, usiishie kulipangusa vumbi na kulisifu. Ingia chini na kurunzi. Tafuta zile tarakimu ndogo za mwisho, na za spea usizisahau. Pima rimu kabla ya kupenda upana. Linganisha herufi ya mwendo na uzito na yale yaliyoandikwa katika kitabu. Na ukikuta tarakimu 3, usimwulize mtu, usiyatazame meno. Toa.